Hadithi yako haimgusi msomaji? Tafuta kosa kurasa za nyuma

Rasimu nyingi za Kiswahili ninazoletewa hapa Kampala zinaugua ugonjwa mmoja. Sarufi iko sawa, tukio ni zito, watu wanakufa au wanaachana, na bado msomaji anafika mwisho akiwa mkavu kama alivyoanza. Mwandishi akiambiwa hivyo hukimbilia ukurasa wa msiba na kuongeza machozi. Hapo ndipo anapoharibu kabisa. Pikipiki ikitoa moshi mweusi, fundi wa Katwe hasugui bomba la moshi, anafungua injini. Mahali msomaji anapopoa mara nyingi si mahali kosa lilipo. Kosa limekaa nyuma, kurasa mbili tatu kabla, pengine kwenye aya ya kwanza kabisa.

Kwanza, hakikisha kuna ugonjwa

Mpe rasimu mtu ambaye si ndugu yako na hakudai hela. Usimwulize "umeonaje?" Atasema "nzuri sana", maana hakuna mtu mwenye adabu atakayekuambia usoni kwamba mazishi ya mhusika wako yamemchosha. Mwombe mambo mawili tu. La kwanza, atie alama ya penseli pale alipojisikia kushika simu. La pili, kesho yake akusimulie hadithi bila kutazama karatasi.

Sikiliza anavyoanza. Akisema "kuna mama mmoja, mwanawe akapata ajali", basi mhusika wako hana uso. Amebaki "mama mmoja". Akisema "yule mama aliyekuwa anaficha hela kwenye kopo la chumvi", mtu yupo, na shida iko kwingine. Weka penseli ya msomaji pembeni yako, kisha endelea.

Mhusika analia, msomaji hatikisiki

Hii ndiyo dalili ninayokutana nayo kuliko zote, kwa hiyo tukae nayo. Tazama aya hii, niliyoitunga kwa mtindo wa rasimu tunazozijua sote:

"Simu ililia. Halima aliipokea. 'Mwanao amefariki,' sauti ilisema. Halima alikufa ganzi. Kijasho chembamba kilimtoka. Machozi yalimtiririka njia mbili mbili. 'Jamani, mwanangu!' alilia kwa uchungu usio na kifani."

Chanzo cha kwanza kinaonekana kwa macho. Kiswahili kina ghala kubwa la maneno ya kilio yaliyokwisha kupangwa: moyo ulimdunda, machozi yalimlengalenga, nywele zilimsimama, maini yalimkatika. Aliyeyasema mara ya kwanza aliona kitu. Sasa jicho la msomaji linayaruka kama linavyoruka namba za kurasa. Kuyapima ni rahisi: toa jina la Halima, weka jina la mhusika wa hadithi nyingine. Sentensi isiposhtuka, haikuwa ya Halima.

Chanzo cha pili: Halima amelia kilio chote, hakumwachia msomaji hata kidogo. Anton Chekhov, aliyekuwa daktari na mwandishi, alimshauri mwandishi mwenzake Lydia Avilova katika barua ya mwaka 1892 kwamba anapotaka kuwahurumisha wasomaji aandike kwa ubaridi zaidi, ili huzuni ya wahusika ipate mahali pa kuonekana. Wengi wanaishia hapo. Wanafuta machozi, wanamfanya Halima aendelee kuosha sahani kimya kimya, wanaona wamemaliza. Ujanja huu nao umeanza kuchoka; siku hizi kila hadithi iliyotoka warshani ina mama anayepokea habari za msiba huku akiosha sahani. Sahani si dawa.

Chanzo cha tatu ndicho chenyewe. Hatujui Halima amepoteza nini. "Mwanao" ni uhusiano tu. Bado si mtu. Kwa hiyo acha ukurasa wa simu kama ulivyo na urudi ukurasa wa pili.

Halima anauza dagaa sokoni Busia. Mwanawe Juma anaendesha boda. Pikipiki ni ya mkopo, na dhamana ya mkopo ni kibanja cha Halima. Alitia saini mbele ya mwenyekiti wa LC, baraza la kijiji, huku jirani wawili wakishuhudia. Kila jioni Juma akirudi, kabla ya kumwuliza kama amekula, Halima anaizunguka pikipiki na tochi ya simu akitafuta mikwaruzo. Juma anasimama mlangoni na kofia yake mkononi, anangoja ukaguzi uishe. Hilo tu. Usituambie kwamba anampenda wala kwamba wanagombana. Tuonyeshe tochi mara mbili, siku tofauti. Mara ya pili Juma awe ameshazoea kiasi cha kumshikia simu ili mama ainame vizuri.

Sasa rudi kwenye simu; anayepiga ni mwenzake Juma wa steji, yaani kituo cha boda:

"'Mama Juma, ni mimi wa steji. Juma kagongwa na trela.'

'Na pikipiki?'

Upande wa pili kukawa kimya.

'Mama,' yule kijana akasema, 'nisikilize kwanza.'"

Hakuna chozi hata moja, na msomaji aliyesoma habari ya tochi anaumia mahali pawili kwa mpigo. Anaumia kwa ajili ya Juma, na anaumia kwa ajili ya mama ambaye neno lake la kwanza limekuwa hilo na halirudi. Msomaji asiyejua habari ya tochi atamwona Halima kuwa ni mama katili. Ndiyo maana nasema kosa liko nyuma: maneno mawili yale yale, "na pikipiki", yanaweza kuwa ukatili au mapenzi kulingana na ulichokiweka ukurasa wa pili.

Ona pia kilichofunguka mbele. Kijana wa steji ndiye shahidi pekee wa swali lile. Atakuja mazishini. Atapewa sahani ya chakula na Halima mwenyewe. Hadithi iliyokuwa inaishia kwenye simu sasa ina sababu ya kuendelea kurasa nne zaidi, na mwandishi hahitaji kubuni tukio jingine kubwa.

Ukitaka kanuni ya kukusaidia kutafuta: mtu aliyepigwa na habari mbaya mara nyingi husema jambo lisilofaa. Jambo hilo linatoka mahali fulani katika maisha yake ya kila siku. Litafute hapo.

"Lakini haya yalitokea kweli!"

Mwandishi anakuambia hivyo akiwa amekasirika kidogo, na ana haki. Ameandika kifo cha baba yake. Yeye mwenyewe hawezi kusoma aya ya mwisho bila kusimama. Msomaji anapita.

Chanzo ni kwamba mwandishi hasomi ukurasa, anasoma kumbukumbu. Ukurasa unasema "baba alikuwa mtu mwema na mcheshi", naye anaona koti, anasikia kikohozi, ananusa tumbaku. Msomaji amepewa maneno mawili ya sifa yaliyowahi kusemwa kwenye kila mazishi tangu dunia iumbwe.

Tiba ni kuandika orodha, nje ya hadithi, ya vitu ambavyo watu wasiozidi watano duniani wanavijua juu ya marehemu. Achana na sifa, orodhesha vitu na vitendo. Alikuwa anakunja gazeti vipi. Alimwita nani kwa jina lisilo lake. Alikuwa ananyamaza redio inaposema nini.

Nimetaja redio makusudi. Kwetu matangazo ya vifo redioni ni hazina ambayo waandishi wanaipita kila jioni. Tangazo linalipiwa. Linataja jina la marehemu, watoto, wakwe, ndugu walio mbali, siku na mahali pa kuzika. Kabla halijasomwa, kuna watu wamekaa sebuleni na karatasi wakiamua nani atajwe kwanza, nani awekwe kwenye "na wengineo". Mke wa pili yupo jikoni anachambua mchele. Watoto wake wataitwa "watoto wa marehemu" au hawataitwa chochote? Aliyeshika kalamu ni mwana mkubwa, na anamwuliza mjomba wake, si mama yule, jinsi ya kuandika jina la mdogo wake wa kambo. Ukiandika ukurasa huo mmoja tu kwa usahihi, huna haja ya kuandika jeneza.

Jambo jingine linalosaidia: badili ukweli mmoja mkubwa. Baba awe shangazi, mji uwe Arua badala ya Masaka, aliyekufa awe amepona. Kumbukumbu ikikataa kukubeba, unalazimika kutazama upya, na hapo ndipo ukurasa unapoanza kujaa.

Maafa makubwa, huzuni haba

Mwandishi anachagua tukio linalojulikana na kila mtu: maporomoko ya udongo ya Nametsi, Bududa, mashariki mwa Uganda, ya Machi 2010, au shule zetu zilizofungwa kwa korona Machi 2020 zikaja kufunguliwa kikamilifu Januari 2022. Anaandika ukubwa wake. Idadi, vilio, serikali, mvua. Msomaji anatikisa kichwa kama anavyotikisa kwa taarifa ya habari.

Ukubwa haugusi kwa sababu hauna mahali pa kushika. Tafuta kitu kidogo kilichokuwa katikati ya njia tukio lilipokuja, kitu ambacho kilikuwa kinatarajiwa kumalizika. Kwa habari ya shule, mimi ningeanza na sare. Msichana wa darasa la pili amerudi nyumbani na sare moja. Mwezi wa kumi mama anateremsha pindo. Mwaka unaofuata hakuna pindo la kuteremsha, na mdogo wake hana nguo ya Idi. Mama anaitazama sare inayoning'inia, anauliza kwa sauti ndogo kama kuna aliyesikia habari za shule, hakuna aliyesikia, anachukua mkasi. Msomaji anajua kitu ambacho mama hajui: kwamba Januari itakuja. Hapo taharuki na huzuni zimekaa kwenye kitambaa kimoja, na hujataja ugonjwa hata mara moja.

Onyo moja kuhusu Bududa na maafa ya namna hiyo. Waliofiwa wapo hai na wanasoma. Tunga mtu wako, usichukue wa jirani.

Tukio linakimbia

Penseli ya msomaji imetia alama palepale kwenye tukio lenyewe, na msiba wenyewe una mizizi mizuri nyuma. Basi hapa, kinyume cha nilivyosema mwanzo, kosa liko mlemle ndani. Tazama vitenzi vyako.

"Akafungua mlango, akamwona baba, akapiga magoti, akalia, akamkumbatia, akasimama."

Ile -ka- ndiyo mgongo wa masimulizi yetu. Bila hiyo hakuna ngano. Lakini kazi yake ni kusukuma. Kila -ka- inamwambia msomaji "twende", na moyo haupati nafasi ya kukaa. Kwenye ukurasa wa safari iache. Unapofika mlangoni kwa baba, ikate:

"Alifungua mlango. Baba amekaa palepale kwenye kigoda, redio mapajani, betri zimetolewa na kupangwa dirishani zipate jua."

Ile -me- inasimamisha saa: mambo yamekwisha kuwa hivyo, na msomaji anatazama kilichopo. Baada ya sentensi mbili tatu za namna hiyo, -ka- moja ikija ("Akainua macho.") inapiga kwa uzito wake kamili. Soma ukurasa kwa sauti. Ulimi wako utakuonyesha mahali pa kukata kabla ya jicho. Na neno "ghafla" lifute popote lilipo. Sijawahi kuona mahali lilipokosekana likahitajika.

Wahusika wanaongea kama watangazaji

Msomaji anakuambia: "Hawa watu si wa hapa." Mume na mke wa Mukono wanaitana laazizi na mahabuba. Mtoto wa Jinja anamwita bibi yake kwa jina alilolikuta kwenye kitabu cha shule. Wengi wetu Kiswahili cha mapenzi na msiba tumekiokota kwenye vitabu vya pwani na filamu za Dar es Salaam, tukakihamisha pamoja na samani zake. Ni kizuri huko kwao.

Mtu amwite mwenzake anavyomwita kweli. Jaja (bibi au babu) abaki jaja. Senga (shangazi) abaki senga. Jirani akiingia msibani aseme "kitalo", pole ya Kiganda, kwa sababu hakuna mtu wa Kayunga atakayesema "poleni kwa msiba mzito". Msomaji wa Mombasa ataelewa kwa jinsi mikono inavyopeanwa.

Kisha jiulize: hawa wawili wanaongea Kiswahili kwa nini? Bombo kwa Wanubi sababu ipo, Busia na Malaba mpakani ipo, Nakivale miongoni mwa wakimbizi Wakongo na Warundi ipo, kwenye kambi ya jeshi ipo. Lakini kwenye nyumba ya Iganga inayoongea Lusoga, Kiswahili chako ni cha msimulizi tu, na mazungumzo yawe mepesi, yasijivune. Ukizingatia hilo, Kiswahili kinapoingia kweli mdomoni mwa mhusika kinakuwa tukio.

Na hapa Uganda tukio hilo lina mizigo yake, maana kwa wengi Kiswahili kilikuwa sauti ya askari. Idi Amin alikitangaza lugha ya taifa mwaka 1973. Miaka ya 1980 wakazi wa Kampala walijua maana ya "panda gari" pale askari walipozingira mtaa na kuwapakia watu kwenye malori. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe shuleni kwa lazima. Mjukuu analeta nyumbani kazi ya Kiswahili. Babu anatoka nje. Mwandishi hahitaji kueleza zaidi ya hapo.

Au fikiria baba ambaye watoto wake hawajawahi kumsikia akisema neno la Kiswahili. Usiku mmoja gari linasimamishwa kwenye kizuizi. Askari ni kijana, amekunywa.

"'Mzee, unatoka wapi?'

'Kigumba, afande. Tunapeleka mgonjwa.'

'Shuka.'

'Nashuka. Bunduki ielekeze chini kwanza, kijana. Kidole kiko ndani.'"

Binti aliyekaa nyuma hakujua kwamba baba ana sauti ile, wala kwamba anajua kidole cha askari kinakaa wapi. Hajaambiwa chochote kuhusu miaka ya nyuma, na tayari amejua. Lakini jambo hili litafanya kazi tu ikiwa kurasa za mwanzo zimetuonyesha baba akijifanya haelewi muuzaji wa Kikongo sokoni. Tena ni kule kule nyuma.

Mbaya ni mbaya tupu

Mama wa kambo anamnyima mtoto chakula, mume mlevi anapiga. Msomaji anakasirika, na hasira hupoa haraka kuliko huzuni. Mpe mtesaji jambo moja analolifanya vizuri na kwa upole, na yule anayeteswa alione kwa macho yake. Mume anampiga mkewe Ijumaa. Jumapili anamsuka nywele binti yao kwa subira ya saa mbili, na mke anatazama vidole vile vile. Utaona ghafla si rahisi kumchukia, na ni vigumu zaidi kumsamehe.

(Ndiyo, nimeandika "ghafla". Hii si hadithi.)

Mwisho unapoa

Penseli imetia alama kwenye aya ya mwisho. Futa aya ya mwisho. Tumelelewa kwenye hadithi za darasani zinazoulizwa "tunajifunza nini", na mkono unaandika jibu hata pasipo na mtihani. Ukifuta na hadithi bado inasimama, imepona. Ikianguka, futa nyingine.

Kila msomaji ametia alama mahali pake

Mmoja ametia ukurasa wa tatu, mwingine wa tisa, wa tatu hakutia popote ila anasema hapendi hadithi za vijijini. Hapo huna kosa la kutafuta. Alama zikigongana kwenye ukurasa mmoja, fungua injini. Zikitawanyika, ni simu zao tu zililia wakati tofauti. Rudisha rasimu kwenye bahasha na uanze nyingine.